Mto Uliobandikwa Lebo

Njia ya kwenda Uzimuni siielezi. Kila aliyenitangulia ameielekeza kivyake, na wote walifika. Nitasimulia tu niliyoyaona nilipokuwa huko kwa mdogo wangu Kibibi, na jinsi tulivyotoka.

Kibibi aliolewa Uzimuni na Hengo, kijana mpole aliyewahi kuja mjini kwetu kuuza vichupa vya dawa. Dawa zake hatukuzinunua, lakini tabia yake ilitupendeza, tukamwoza. Walipopata mtoto wa kike, wakamwita Sikudhani, mama yetu alikuwa hawezi tena safari. Akanituma mimi, binti yake mkubwa, nikamtazamie mjukuu. Mimi ni mshonaji wa nguo. Sikusomea dawa wala sheria. Niliyoyauliza huko niliyauliza kwa udadisi, na majibu nayatoa kama nilivyopewa.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni salamu. Wazimuni hawaulizani hali. Huulizana, "Umepungua?" na jibu la adabu ni, "Nimepungua sana, nashukuru." Kwao kitu kadiri kinavyozimuliwa, yaani kuongezwa maji kikapungua ukali, ndivyo nguvu zake zinavyozidi, na imani hiyo haiishii kwenye dawa. Siku niliyofika, majirani waliokuja kunilaki walikula wali kwa mchuzi wa kuku. Mimi, mgeni wa heshima, niliwekewa bakuli la maji ya moto. Hengo aliniinamia akaninong'oneza kwa fahari kwamba kijiko cha mchuzi kilikuwa kimechovywa humo mara moja. Nikanywa, nikashukuru. Majirani walipoondoka Kibibi akanitolea paja la kuku alilolificha chini ya kanga.

"Kula, dada," alisema. "Nchi hii mgeni akiheshimiwa sana anaweza kufa njaa."

Waziri wao mwenye mamlaka kuliko wote alikuwa amekwisha kufa zamani. Kiti chake hufutwa vumbi kila asubuhi, na sikusikia mtu aliyewahi kukaidi amri yake. Shule yao nzuri ni ile ambayo mwalimu hufika mara moja kwa muhula, na iliyo nzuri zaidi bado haijajengwa. Nilimwuliza Hengo kama kodi nayo huzimuliwa. Akatazama pembeni.

"Kodi hutolewa nzima, shemeji," alijibu. "Hilo ni suala la kitaalamu."

Hengo alikuwa mtikisaji katika Jumba la Dawa, jengo jeupe lililokuwa kando ya mto, chini ya maporomoko. Kazi hiyo haipewi mtu hivi hivi. Mtikisaji hula kiapo kwamba hatampa mgonjwa kitu kizima maisha yake yote. Alinichukua nikaone wanavyofanya kazi, na mkuu wa Jumba, Mwalimu Ngulumbi, mtu wa sauti laini na mikono iliyooshwa sana, akanitembeza mwenyewe.

Kanuni yao ya kwanza ni kwamba kinachoumiza ndicho kinachoponya. Asiyepata usingizi hutibiwa kwa kahawa, na anayechuruzika machozi hutibiwa kwa kitunguu. Hadi hapo nilielewa. Ila kitunguu chenyewe mgonjwa hakioni. Walikikamua mbele yangu, wakachukua tone moja la maji yake, wakalidondosha katika gudulia la maji ya mtoni. Hengo akalipokea gudulia lile, akaligongesha juu ya tandiko la ngozi, tena na tena, huku midomo yake ikihesabu. Alipomaliza wakatoa tone moja humo, wakalitia katika gudulia la pili, na yote yaliyobaki wakayamwaga mtoni. La pili likatikiswa, likatolewa tone, likamwagwa. Wakaendelea hivyo hadi safu ya magudulia ikafika ukutani.

"Katika lile la mwisho," nilimwuliza Ngulumbi, "kitunguu kimebaki kiasi gani?"

"Hakimo hata chembe!" alijibu kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe aliyefaulu. "Kitunguu chenyewe kimeondoka, kimeacha adabu yake. Maji yanakumbuka."

"Lakini maji haya yalikutana na vyura kabla ya kukutana na kitunguu. Na ng'ombe wanakunywa kule juu. Hao hayawakumbuki?"

"Hao yamewasahau."

"Nani huyaambia kipi yakikumbuke na kipi yakisahau?"

Ngulumbi akamwonyesha Hengo kwa kidole. "Mtikisaji."

Hengo akainama kwa haya. Nilimwonea fahari shemeji yangu, ingawa sikujua hasa kwa lipi.

Siku hiyo hiyo alikuja Kiwambo, Mkaguzi Mkuu wa Dawa, bwana mrefu mwenye kioo cha kukuzia maandishi. Alikagua vizibo, akakagua lebo, akamrudishia lebo mwandishi mmoja aliyekosea herufi katika jina la nyuki. Sikumwona akifungua chupa. Nilimwomba anieleze sheria yao, naye akapenda kuulizwa.

"Sheria yetu haina mchezo, bibie. Dawa isimdhuru mtu, na lebo itaje kwa ukweli jina la kitu ambacho hakimo."

"Na kama dawa inaponya au haiponyi?"

"Hilo si letu. Palikuwa na Idara ya Kuponya. Ilizimuliwa ili iongezeke nguvu."

"Sasa ofisi yake iko wapi?"

Akaangalia dari, akaangalia mto uliokuwa ukipita dirishani, akatabasamu. "Kila mahali."

Sitaki mnione nawacheka. Watu hununua dawa hizo, na wengi huzisifu. Jirani yetu mmoja alishikwa na mafua, akaweka tone chini ya ulimi, na wiki haikwisha akawa mzima. Nilisema kwetu pia mafua huondoka ndani ya wiki. Wakanitazama kwa huruma wakauliza, "Bila dawa?"

Na nilishuhudia jambo hili. Paa la ghala lilivuja, masanduku ya chupa yakalowa, lebo zote zikabanduka. Dawa ya machozi, ya usingizi na ya kuumwa na nyuki zikawa chupa tu za maji safi. Ngulumbi na Kiwambo walizinusa, wakazionja, wakazipima uzito, wakabishana mchana kutwa bila kutambua hata moja. Mwishowe Kiwambo akaamua kwamba lebo zikusanywe kapuni, na kila chupa ipate itakayoiangukia. Ngulumbi akaafiki, akasema dawa yenye nguvu hujua jina lake. Zikauzwa. Hakuna aliyerudi kulalamika.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza maswali kwa muda, nikawa naishi nao tu, nikimshonea Sikudhani vigauni. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Akiniona anakuja mbio mikono juu, anaanguka, anacheka.

Asubuhi moja hakuja. Tulimkuta anatapika, na tumbo linamwendesha maji matupu. Hengo alikimbia Jumbani akarudi na kichupa. Kilikuwa kimetengenezwa kwa samaki aliyeoza, nacho kilikuwa cha daraja la juu, yaani kimezimuliwa mara nyingi mno. Akamdondoshea mwanawe tone moja chini ya ulimi, kisha akakaa chini amwangalie.

Hadi jua linapanda, mtoto alikuwa mwingine. Macho yalizama. Midomo ilikauka ikaanza kupasuka. Nilimfinya ngozi ya tumbo taratibu, ikabaki imesimama kama kitambaa nilichokikunja mimi kwa pasi. Alikuwa analia, lakini kilio kilikuwa sauti tu, machozi hayatoki.

Ngulumbi aliitwa, akaja. Sitasema alikuja kwa dharau. Alimshika mtoto kwa upole, na uso wake ulikuwa na majonzi.

"Amezidiwa," alisema. "Ni dalili njema. Dawa imempata. Kosa letu ni kwamba tone zima ni dogo mno kwa nguvu, yaani ni kubwa mno kwa kiasi. Tangu sasa msimpe. Mnusisheni kizibo."

Akaenda zake. Kibibi alikuwa amekaa na kile kizibo kiganjani. Alikitazama kitambo. Halafu akakiweka chini, akainuka, akatia maji kwenye sufuria.

"Dada," akaniita, "mama alikuwa anatutilia nini tukiharisha?"

"Chumvi na sukari. Chumvi kidogo, yasiwe makali kuliko machozi."

"Koka moto."

Maji yakachemka, tukayapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe hadi kikombe. Kibibi akatia sukari, akatia chumvi, akaonja, nami nikaonja. Alipogeuka na kikombe, Hengo alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo ni chumvi nzima," alisema.

"Nzima."

"Mke wangu, mimi nimeapa. Kumpa mgonjwa kitu kizima, hata mtoto wangu..." Hakumaliza. Hakuwa mkali. Alikuwa na hofu, kama mtu anayemwona mwenzake akimnywesha mtoto sumu na hana uhakika kama ni sumu.

"Ukitaka kwenda kunishtaki, nenda," Kibibi alimjibu. "Lakini ondoka hapo mlangoni, unanizibia mwanga. Simwoni mwanangu mdomo."

Hengo hakwenda. Alibaki amesimama huku Kibibi akimnywesha kwa kijiko. Mtoto akatapika. Tukangoja kidogo, tukaanza upya, kijiko kimoja, kingine. Kibibi alipochoka mkono, nikapokea mimi. Nilipochoka mimi, mkono wa tatu ulinyooka ukachukua kikombe, na sikuinua uso kumtazama mwenye mkono, nisije nikamwaibisha. Watu watatu tulimzunguka mtoto mmoja mpaka alasiri.

Jua lilipoanza kulegea Sikudhani aliamka, akanitazama, akakumbuka kwamba amekasirika, akalia. Chozi lilimtoka likashuka shavuni. Hengo akaligusa kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake. Kisha akatoka nje, na tulimsikia uani akilia kwa kwikwi.

Kesho yake Kibibi aliteremka mtoni juu ya maporomoko kuosha sufuria. Askari wa mto alimwona. Alipokuwa anapanda kurudi, alishikwa.

Mtafikiri alishtakiwa kwa kumtibu mtoto. Hapana. Kiapo cha kitu kizima ni cha watikisaji, na sheria haikutaja mama wa mtu, wala haina neno juu ya mgonjwa aliyepona. Shtaka lilihusu sufuria. Chumvi iliyobaki humo imezimuliwa na mto wote, akasema Kiwambo, kisha imetikiswa na maporomoko, mtikiso ambao hakuna mkono wa mtu unaoufikia. Kwa hiyo mto kutoka hapo hadi mpakani umekuwa dawa ya chumvi ya daraja lisilowahi kusikika, iliyotengenezwa bila kibali, na isiyo na lebo. Adhabu ya kosa hilo ni kufukuzwa nchini, na watoto wa aliyefukuzwa hubaki.

Kibibi alipoyasikia hayo ya mwisho alikaa chini barazani pale pale. "Watanichukulia Sikudhani, dada," akasema. "Nimemtoa mdomoni mwa kaburi ili nimwachie nani?"

Kesi ilisikilizwa na Jaji Nyamizi, mwanamke mwenye miwani na subira. Ukumbi ulijaa. Kiwambo alieleza shtaka vizuri mno. Niseme kweli, kwa kanuni zao sikuona alipokosea. Aliyenishangaza ni Ngulumbi, aliyesimama kumtetea Kibibi. Nilidhani amemhurumia. Kumbe alipita masokoni asubuhi ile, akakuta maduka ya dawa hayana wateja, maana mji mzima ulikuwa mtoni na ndoo.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "ule ni mto tu. Haukutikiswa na mtu aliyesomea. Maji yenyewe hayawezi kukumbuka chumvi moja ya sufuria moja."

"Mwalimu," Kiwambo akadakia, "miaka yote unatufundisha kwamba yanakumbuka hata tone moja!"

"Yakiwa chupani!"

Watu wakaguna. Jaji Nyamizi akavua miwani. "Nisaidieni. Nikisema mto huu ni dawa, basi Jumba la Dawa linauza kitu kinachopita bure mbele ya mlango wake. Nikisema si dawa, basi nitahitaji kuambiwa tofauti ya mto na chupa ni nini, zaidi ya chupa. Na ninyi Jumbani, yale mabaki ya magudulia huwa mnayamwaga wapi?"

Ngulumbi alikohoa. Swali likaelekezwa kwa Hengo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiyamwaga.

"Mtoni, Mheshimiwa," alisema Hengo.

"Wewe ni mtikisaji, na huyu ni mkeo. Unaujua mto ule. Ni dawa au si dawa?"

Hengo alisimama pale muda mrefu hadi mtu mmoja nyuma akacheka. "Sijui," alisema hatimaye. "Zamani ningejibu. Nilimpa mwanangu dawa yangu, naye alikuwa anakwenda. Huyu akampa chumvi na sukari na maji mengi, akarudi. Naomba msiniulize zaidi, kwa sababu hata mimi sijajiuliza yote."

Hakuna aliyecheka tena.

Jaji alirudi na hukumu baada ya chakula. Kosa, alisema, ni kutokuwa na lebo, na hilo linarekebishika: serikali iusimikie mto lebo. Mshtakiwa ana hatia, na kwa kosa kubwa namna hii anastahili adhabu kali kuliko zote, yaani kufukuzwa kwa daraja la juu kabisa. Kufukuzwa kuzima, pasipo kuzimuliwa, ni adhabu dhaifu, ya wezi wa kuku. Kwa hiyo adhabu izimuliwe hadi mwisho: afikishwe mpakani, akanyage nje kwa mguu mmoja, mara moja, kisha arudi nyumbani. Na kwa adhabu iliyozimuliwa kiasi hicho, suala la kumtenga na mtoto haliwezi kuzuka, kwa sababu hakuna kilichobaki humo cha kumtenga naye.

Ukumbi ukaguna kwa hofu. Mama mmoja karibu nami alifunika uso, akasema, "Maskini, mguu mmoja tu! Atavumilia?" Mimi nilimtazama jaji alivyokuwa akivaa miwani yake. Mpaka leo sijui kama alikuwa anaamini alichosema, au alikuwa mtu mwerevu kuliko wote nchini mwake.

Tulipopita kandokando ya mto kwenda mpakani, mafundi walikuwa wamekwisha kusimamisha ubao mkubwa ukingoni. Uliandikwa: DAWA YA CHUMVI, DARAJA LA MWISHO. TIKISA KABLA YA KUTUMIA. Wanaume wawili walikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, wakiutikisa.

Mpaka wenyewe ni mstari wa mawe meupe. Walikuwapo Kiwambo na kioo chake, askari wawili, Hengo, mimi, na Kibibi aliyembeba Sikudhani mgongoni. Kiwambo akasoma hukumu. Kibibi akainua mguu wa kulia, akaukanyaga ng'ambo.

"Imetosha," alisema Kiwambo. "Adhabu imekamilika. Rudi."

Kibibi hakurudi. Alisimama kidogo na mguu huku na mguu huko, akarekebisha kanga ya mtoto. Kisha mguu wa kushoto ukaufuata wa kulia, akaanza kwenda zake.

"Bibi we!" Kiwambo alipiga kelele, na hasira haikuwamo katika sauti yake, ilikuwamo hofu ya kweli. "Umezidisha! Unaidhoofisha adhabu yako!"

Kibibi alikuwa anakwenda. Nami nikayavuka mawe yale, kwani mimi mgeni sikuwa chini ya sheria za huko. Nilipogeuka, Hengo alikuwa bado upande wa pili. Askari hawakumshika. Alikuwa anautazama mgongo wa mkewe, na juu yake kichwa cha Sikudhani kinachoyumba kwa usingizi.

"Mtikisaji," Kiwambo alimwambia, "mwite mkeo."

"Kibibi!" Hengo akaita.

Kibibi akasimama, hakugeuka.

"Ningojeni," alisema Hengo. Akavuka.

Tulitembea bila maneno mengi. Nilitaka kumwuliza Hengo anajisikiaje, lakini safari hii nilijizuia. Alikuwa ameacha kiapo, kazi, na lugha ya kusalimia watu. Mara kwa mara alinyoosha mkono akamgusa mtoto unyayo.

Boma la kwanza tulilofikia lilikuwa la mwanamke anayepura mtama. Alituona tulivyojaa vumbi, akaingia ndani bila kutuuliza, akatoka na kata. Akampa Hengo kwanza, maana ndiye aliyeonekana kuchoka zaidi. Hengo aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akamtazama yule mama.

"Samahani, mama. Ni nini hiki?"

Yule mama alishangaa, akanitazama mimi kama anayeuliza mgonjwa wetu ana nini.

"Maji tu, baba," alisema. "Kunywa."

Hengo akanywa kata nzima, akaomba nyingine.